Majani ya Juu

Baba yangu alikuwa mpishi wa mapadri Waitalia, na mtu aliyemwita boyi alifukuzwa jikoni kwa mwiko. Aliteremka Goma kutoka Butembo akiwa kijana, akapata kazi ya kuosha vyombo katika nyumba ya mapadri, na huko padri mmoja mzee mwenye tumbo kubwa na kelele nyingi akamshika mkono na kumfundisha. Padri yule alikuwa na hamu ya chakula cha kwao kiasi kwamba siku nyingine alisimama jikoni akilia, na baba, ambaye kwao mwanaume halii mbele ya sufuria, aliona aibu akajifanya anakata vitunguu.

Katika yote aliyofundishwa, kimoja tu ndicho alichotuletea nyumbani kwetu, mtaa wa Katoyi. Waitalia wanakiita gremolata. Sisi tulikiita majani ya juu, kwa sababu kinawekwa juu ya chakula kilichokwisha kutoka motoni, na motoni hakirudi. Ni kitu kidogo cha kuchekesha. Majani ya persili, kitunguu saumu, ganda la limau, basi. Hakuna mafuta, hakuna kukaanga, hata chumvi si lazima.

Lakini baba alikifanya kama mtu anayevaa kwenda misa. Persili aliiosha, akaikung'uta, akaikunja ndani ya kitambaa kisafi mpaka ikauke kabisa, maana jani lenye maji linageuka tope chini ya kisu. Vijiti aliviweka kando kwa ajili ya supu. Limau aliliparua ile ngozi ya manjano peke yake, nyembamba, na ole wako ukigusa ile nyeupe ya chini, kwa sababu ina uchungu na uchungu wake haufichiki. Kitunguu saumu kilikuja mwisho. Halafu vyote vitatu vilikutana kwenye ubao na kisu kikapita juu yao huku na huko, mpaka vikawa vidogo lakini bado unaona jani ni jani.

Na kulikuwa na sheria. Kisu hakishikwi mpaka mwenye kula awe ameketi. Baba alisema kitu hiki kinaishi muda mfupi sana, kikisubiri mtu kinakufa, kwa hiyo ni mtu ndiye anayepaswa kukisubiri. Jumapili tulikaa mezani tumenawa mikono, njaa inatukata, nyama ya mguu wa ng'ombe imetulia mbele yetu na mfupa wake, na yeye ndiyo kwanza anaanza kukausha majani. Tulimlaani kimoyomoyo. Kisha alikuja na ubao mkononi, akamwaga majani yale juu ya nyama ya moto, na harufu ikapanda. Sijui niielezeje. Ni kama mtu amefungua dirisha ndani ya chumba ulichodhani hakina dirisha.

Aliweka juu ya kila kitu. Juu ya maharage, juu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, juu ya viazi. Mama yangu, mpaka anaondoka duniani, hakuacha kumcheka. "Bwana yangu iko anatulisha chakula ya sungura," aliwaambia majirani, na majirani walicheka kwa sababu nao waliona hivyo hivyo. Kwetu jani halina heshima mpaka liive. Sombe, majani ya muhogo, inatwangwa, inachemka nusu siku, ndipo unaileta mbele ya mgeni. Kumpa mgeni jani bichi ni kumwambia kwamba makala, mkaa wa kupikia, yamekwisha au kwamba humpendi. Shangazi yangu, dada yake baba, alipokuja kututembelea wakati wa amani, aliyasukuma majani yale pembeni ya sahani kwa adabu, akala nyama, akashukuru.

Persili yetu ilikaa uani ndani ya gunia. Mtu asiyejua Goma ataona ajabu, lakini mji wetu uko juu ya mawe ya volkano na ukitaka kupanda kitu unatafuta udongo kama unavyotafuta maji. Wa baba uliletwa na rafiki yake dereva, kutoka upande wa Rumangabo, udongo mweusi mzuri ambao baba aliuonesha kwa wageni kabla ya kuwaonesha watoto wake. Sisi wanawe tulikuwa tunaona wivu juu ya gunia, na sisemi kwa utani.

Vita viliporudi, mara hii ambayo bado tumo, shangazi alikuwa Kiwanja, mji mdogo wa upande wa Rutshuru, analima na kuuza maharage. Alikimbia kwa miguu pamoja na watoto wake. Walifika kwenye kambi iliyoko nje ya mji, upande wa kaskazini, wakajenga kibanda cha matawi na shiti la plastiki, juu ya mawe. Sisi hatukujua yuko wapi. Simu yake ilikuwa imezima, na kambi ile ilikuwa na watu wengi mno hata ungemtafuta ndugu yako mwezi mzima ukapita nyuma ya kibanda chake bila kumwona. Baba alimtafuta. Siku alipompata, kipindupindu kilikuwa kimekwisha kumchukua kitinda mimba wake, mtoto wa kiume aliyekuwa ameanza tu kusema maneno.

Shangazi aliamini kwamba ni nyanya. Mtoto alikuwa ameokota nyanya mbichi, akaila, na kesho yake akaanza kuharisha. Hakuna daktari aliyemwambia ni ile nyanya. Maji ya kambi yale yangeweza kuua hata ng'ombe. Lakini yeye mwenyewe aliamua, akaishika imani hiyo kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo hakuna kitu kilichopita mbele yake kwenda mdomoni mwa mtu bila kuchemka. Baba alipomleta kwetu Katoyi na watoto waliobaki, alichemsha maji ya kunywa, akachemsha maji ya kunawa, akachemsha vijiko. Siku moja nilimkuta anachemsha parachichi. Mimi nina mdomo mkali, kila mtu anajua, na nilikuwa na neno tayari. Nilimtazama usoni, nikalimeza.

Uani hapakuwa tena na nafasi. Tulifunga shiti kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo ya kuanikia nguo, na chini yake walilala watu ambao sikuwajua wote. Asubuhi moja niliona baba amepiga magoti mbele ya gunia lake. Alikuwa anang'oa persili, shina baada ya shina, kwa upole, kama mtu anayetoa miiba kwenye mguu wa mtoto. Akapanda lengalenga, mchicha wetu wa kupika.

"Papa, unafanya nini?" nikauliza.

"Majani ya juu haijazake tumbo, mama," akasema. Baba aliwaita binti zake wote mama, kama wababa wengi wa kwetu. Hakugeuka kunitazama.

Halafu akaugua. Ilikuwa ini. Alianza kukonda kwa siri, akikaza mkanda na kuvaa makoti mawili, mpaka siku alipoanguka njiani akitoka misa. Tulimpeleka hospitalini, wakampima, wakamlaza, wakampima tena. Mwishowe daktari kijana mwenye sauti laini aliniita kwenye korido akaniambia, "Mumurudishe nyumbani. Mumupe kile anapenda." Nilimchukia daktari yule kwa ile sauti. Ningetaka anifokee, kama wanavyowafokea ndugu za wagonjwa ambao bado wana matumaini.

Kile anapenda! Hakupenda kitu. Mpishi mzima, aliyekuwa akionja supu na kukuambia ni nani aliyeikoroga, sasa alirudisha uji, alirudisha samaki, alirudisha hata chai. "Mudomo yangu imekufa," alisema. Shangazi alimpikia kila alichojua, akampelekea sahani kwa mikono miwili, akairudisha imejaa, na kila mara nilimwona anasimama kidogo nyuma ya mlango kabla ya kuitoa nje. Mimi nilishona nguo za wateja sebuleni, karibu na kiti chake, nikamsikia akimeza mate kwa shida. Nilikuwa naomba apate hata hamu ya chumvi.

Siku moja asubuhi akaniita. "Mama, niko nafikiri," akasema. "Nikisikia majani ya juu mara moja, hata kijiko kimoja, itatosha. Ile itaniamsha mudomo. Kisha niende."

Niliondoka bila kumaliza kushona mkono wa gauni niliokuwa nao mashineni.

Zamani ungeyapata yote katika soko moja. Sasa kila kitu kilikuwa nyuma ya vita. Mboga zetu zilitoka Rutshuru, na barabara ya Rutshuru ilikuwa imefungwa. Nilipouliza persili, mama mmoja wa sokoni alinitazama kama vile nimeomba theluji. "Dada, hata viazi haipite, wewe unauliza persili?" Malimau niliyapata bandarini, kwa akina mama waliotoka kisiwa cha Idjwi kwa boti, nikachagua moja lenye ngozi safi. Kitunguu saumu alinipa shangazi. Alikuwa amekimbia nacho kutoka Kiwanja, kimefungwa kwenye kona ya kitenge, akitumaini kwamba siku moja atapanda tena. Aliposikia kaka yake ameomba kitu cha kula, alifungua fundo lile kwa meno, akanipa chote. Nilimwambia abakize mbegu. Akakataa kunisikia.

Persili ilibaki. Mtu akaniambia kuna mama mmoja katika mtaa wa Mapendo anayepanda kwenye mabeseni kwa ajili ya hoteli za kando ya ziwa. Nilikwenda kwa miguu, nikauliza nyumba kwa nyumba, na nikamkuta. Mabeseni yake yalikuwa yamepangwa juu ya ukuta, ya kijani kabisa, na niliona machozi yananijia kama mjinga.

"Iko unafuga sungura?" akauliza, maana mtu wa kawaida hanunui persili.

"Niko nafuga papa yangu," nikamjibu vibaya. "Anakufa."

Akachuma, akachuma tena, akanifunga fungu kubwa kwa jani la mgomba, akanisindikiza mpaka barabarani.

Tulipika siku iliyofuata, mchana. Nyama ya mguu na mfupa wake ilitokota polepole kwenye babula, yaani jiko letu la makala, tangu asubuhi, na kitunguu, karoti na nyanya. Tulimweka baba kwenye kiti chake karibu na mlango wa uani, mto nyuma ya mgongo, na kutoka hapo aliendesha kazi yote. Sauti yake ilikuwa imepungua lakini haikuwa imepungua ukali. "Kausha tena. Bado iko na maji. Ile ngozi umekata nene, acha ile nyeupe! Mama, ulijifunza kwa nani?" Nilimwambia nimejifunza kwa mtu mmoja mwenye kelele. Alicheka, na kicheko kikamuumiza ubavu. Nilikuwa na furaha siku ile, nakiri hivyo. Nilisahau kwa dakika chache kwamba tulikuwa tunafanya kitu cha mwisho.

Nilitoa sufuria motoni. Baba alikuwa ameketi. Ndipo nikashika kisu, nikakatakata, naye alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Nilimwaga majani juu ya nyama, ndani ya sufuria, na harufu ikapanda, ile ile, na nikaona pua yake inapanuka.

"Ndiyo," akasema.

Nilikuwa nanyoosha mkono kuchukua sahani mlio ulipotokea. Ulitoka upande wa magharibi, mkubwa, ukatikisa mabati, halafu wa pili. Watoto walipiga kelele. Wangu wawili walikuwa shuleni, mtaa wa pili, na sikufikiri chochote. Niliiacha sahani nikakimbia. Njia nzima ilijaa kina mama wanaokimbia kama mimi, wengine wamebeba viatu mikononi. Niliwakuta watoto wangu chini ya madawati, nikawavuta, tukarudi tumeshikana. Mabomu hayakuanguka kwetu siku hiyo. Yalianguka kwa watu wengine.

Nilipofika kwenye lango la nyumba, harufu ilinipokea. Ilikuwa harufu nzuri, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu ilikuwa harufu ya sosi, ya kila nyumba na kila siku. Kitunguu saumu kilichoiva. Sufuria ilikuwa juu ya babula, inachemka kwa nguvu, na shangazi amesimama juu yake na mwiko. Majani yote yalikuwa yamelegea na kugeuka rangi ya gunia kuukuu.

"Uliacha haijaiva," akaniambia. Alikuwa anatabasamu, uso umelowa jasho la moto. "Majani ilikuwa mabichi kabisa. Mugonjwa hapewake kitu mubichi. Nilirudisha ku moto, sasa iko muzuri, hakuna mududu ataishi humu."

Sikuwahi kutamani kumpiga mtu mzima, ila siku ile. Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamejipanga, na yote yalikuwa ya kweli, na yote yangemkata.

"Mama," baba akaita kutoka kwenye kiti. "Leta sahani."

Ilikuwa ile sauti ya jikoni, ya mpishi ambaye chakula chake kiko tayari na wageni wameketi. Nilileta sahani. Shangazi alimpakulia mwenyewe, nyama, mfupa, na sosi nyingi, na ugali pembeni. Tulisimama kumtazama. Alikula. Alikata tonge, akachovya, akameza, akasubiri kidogo, akakata jingine. Mtu aliyerudisha hata chai alikula sahani nzima, akapangusa sosi kwa tonge la mwisho, halafu akanyoosha sahani mbele ya dada yake.

"Niongezee kidogo," akasema. "Aksanti, dada. Umeipika muzuri."

Shangazi alipiga makofi kama msichana. Kisha akaanza kulia, akafuta machozi kwa kitenge, akaongeza, akalia tena. Tangu azike mtoto wake hatukuwa tumemwona akilia.

Alipokwenda nyuma kuosha vyombo, niliinama karibu na baba. Jasho lilikuwa limemjaa kwenye paji la uso. Chakula kile kilikuwa kimemgharimu.

"Ilikuwa na ladha gani?" nikamwuliza.

"Ya sosi."

"Ulisikia majani?"

Akatikisa kichwa kwamba hapana.

"Papa, ulimuona akirudisha sufuria?"

"Nilimuona toka mwanzo. Alipita nayo hapa mbele yangu."

"Na hukumukataza?"

Aliegemea mto akapumzika. "Ningemuambia nini, mama?" akasema. "Kwamba kitu mubichi haiuwake mutu?" Akapumzika tena. "Acha na yeye aokoe mutu mumoja."

Nilimkasirikia. Nasema ukweli, nilimkasirikia zaidi kuliko nilivyomkasirikia shangazi. Alikuwa anakufa na bado alikuwa mpishi wa watu wengine. Nilimwambia nitarudi Mapendo kesho, yule mama atanipa tena, nitatengeneza upya kwa siri, shangazi akiwa bombani.

"Hapana," akasema. "Hapa hakuna siri, batu wako wengi sana. Atajua. Na akijua, atarudi nyuma kuanza kufikiri ile siku ya nyanya, na hii ya leo, yote pamoja. Hapana, mama. Niahidi."

Nikaahidi. Si kwa moyo mwema. Niliahidi huku nimeuma meno, na kesho yake nilikwenda mpaka barabara ya Mapendo, nikasimama pale kwenye kona, nikarudi mikono mitupu. Ilikuwa bure hata hivyo. Tangu siku ile hakula tena, ila maji kwenye pamba. Shangazi alichemsha maji hayo mwenyewe, akayapooza, akamlowanisha midomo. Alifariki asubuhi, redio ya jirani ikisoma habari za vita.

Katika kilio watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea: watu wa parokia, watu wa Butembo walioko Goma, wapishi wazee waliosimama wima kama askari. Hatukuweza kumpeleka kuzikwa kwao, njia zote zilikuwa zimefungwa, na baadhi ya wazee walinung'unika juu ya hilo. Tuliwaketisha kwenye mabenchi ya kuazima. Nilikuwa napita na sinia ya chai niliposikia sauti ya shangazi. Haikuwa kubwa, lakini wanawake waliomzunguka walikuwa wamenyamaza.

"Chakula ya mwisho ya kaka yangu, ni mimi niliipika," alikuwa anawaambia. "Alikuwa anakataa yote. Yote! Ile siku nilimupikia nyama, nikaivisha muzuri, akakula. Akakula akamaliza, akaomba tena. Mwenyewe aliniambia aksanti." Akageuka akaniona na sinia yangu. "Muulizeni huyu, alikuwa hapo. Si ni kweli?"

Wote walinitazama. Nilikuwa nimechoka, macho yanawaka, na lile neno lililojipanga tangu siku ya sufuria lilikuwa bado liko pale mdomoni, zima, halijapungua hata kidogo.

"Ni kweli, Tanti," nikasema. "Alikula yote."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Halafu akawageukia wanawake wa benchi la nyuma, ambao hawakuwa wamesikia vizuri, akaanza kuwasimulia upya.